Nepi Nilizoandika Kabla Hazijalowa

Kila asubuhi ya wiki ile, saa mbili kasorobo, Bi Geeske aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wetu na kuingia ndani bila kusubiri kufunguliwa. Alivua viatu, akavaa ndara zake nyeupe, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akauliza swali lile lile: usiku umekwendaje, na kahawa iko wapi.

Bi Geeske alikuwa mhudumu wa uzazi. Kwetu Dokkum, mji mdogo wa kaskazini mwa Uholanzi, mama akijifungua, mwanamke kama yeye huja nyumbani siku nane mfululizo. Humpima mama joto, humwogesha mtoto, hufua, hupika kidogo na kufukuza wageni. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Kitanda cha mama kilikuwa kimeinuliwa juu ya vigogo vinne ili Bi Geeske asivunjike mgongo, na mama alilalamika kwamba akitaka kwenda chooni inabidi aombe ngazi.

Mtoto aliitwa Wytse. Alizaliwa Jumamosi, chumbani kwa wazazi wangu, likizo ya shule ya mwezi wa kumi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Niseme mapema ili msianze kulia: leo hii Wytse ana miaka mitatu, mashavu yake yameumuka kama mandazi, na jana alinirushia kijiko. Kwa hiyo tulieni. Lakini wiki ile nusura nimpeleke hospitali, na silaha yangu ilikuwa kalamu tu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa pekee tangu nizaliwe, na nilitaka kazi ya maana. Sikutaka kubeba vikombe. Baba, jina lake Gosse, ndiye aliyebeba vikombe. Wageni walikuja kwa zamu, naye akawapakia siagi kwenye ile mikate mikavu ya duara, akanyunyizia vipipi vya bluu na vyeupe ambavyo sisi tunaviita vipanya. Kufikia Jumapili kulikuwa na vipanya mpaka ndani ya soksi zangu.

Bi Geeske akanipa daftari. Lilikuwa na safu za saa, kunyonya, joto na nepi.

"Sikiliza, Jeltje," aliniambia. "Huyu mdogo wako ni msinziaji. Hataamka mwenyewe kudai maziwa, na mama yako amepoteza damu, naye analala kama gogo. Kwa hiyo kila baada ya saa tatu mtoto anaamshwa, mama anaamshwa, mtoto ananyonya, nepi inatazamwa, inaandikwa. Mimi naondoka saa nane mchana. Saa tisa na saa kumi na mbili jioni, wewe ndiye macho yangu. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Tangu hapo akawa ananiita Katibu, na mimi nikaanza kutembea kwa kuvuta hatua kama mtu mwenye ofisi.

Jumapili nilifanya kazi safi kabisa. Jumatatu ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu ya mpangilio mzuri.

Lazima muijue nyumba yetu. Kwetu kila kitu kimeandikwa kabla hakijatokea. Wageni wameandikwa kwenye kalenda ya jikoni. Siku za kuzaliwa za ukoo mzima zimeandikwa kwenye kalenda ya chooni. Bibi yangu alikuwa ameshaandika siku ya kwenda kwa daktari wa meno mwaka unaofuata, meno yenyewe akiwa amebaki nayo machache. Katika nyumba ya namna hiyo, kuandika jambo kabla ya wakati wake ni tabia njema.

Wiki ile ya likizo timu yetu ya korfball, mchezo wa kutupia mpira kwenye kikapu kirefu, ilikuwa na mashindano, na mechi zilianza saa nane na nusu. Nikatazama daftari. Nikafikiri: nepi za siku hizi zina mstari wa njano ambao hugeuka bluu zikilowa, na kila nilipoutazama mstari wa Wytse ulikuwa bluu. Saa tisa atafanya nini kingine, atafungua duka? Basi nikaandika kwa mwandiko mzuri: Saa tisa. Amenyonya dakika ishirini. Nepi imelowa.

Nilikusudia kumwambia baba amwamshe mama. Nilikusudia kweli. Lakini rafiki yangu Sietske alikuwa getini akipiga kengele ya baiskeli kama kuna moto, nikatoka mbio.

Kilichotokea nyuma yangu nilikijua baadaye. Saa tisa unusu baba alipanda ngazi kuona mambo yanaendaje. Akafungua daftari, akasoma, akajisifu moyoni kwa kuzaa binti wa dhahabu, akashuka kwa ncha za vidole ili asimwamshe mtu. Mama akalala. Wytse akalala.

Tulishinda tisa kwa saba. Nilirudi saa kumi na moja, nikamwamsha mama saa kumi na mbili kama kawaida, na hakuna mbingu iliyoanguka. Kwa hiyo Jumanne nikaandika mbili kwa mpigo, ya saa tisa na ya saa kumi na mbili, kwa sababu baada ya mechi kulikuwa na chipsi.

Niliingia nyumbani saa moja jioni na mayonezi kwenye mkono wa sweta. Shangazi wawili wa baba walikuwa wamesimama kando ya kitanda cha mtoto wakimsifu. Mtoto mpole ajabu, walisema, hata kulia halii. Mama alifumbua jicho moja kule juu akauliza kama Wytse amenyonya. Baba akajibu kwamba imeandikwa.

Shangazi walipoondoka nikambadilisha Wytse nepi. Mstari ulikuwa njano. Ndani palikuwa pakavu, isipokuwa doa moja dogo la rangi ya machungwa, kama vumbi la tofali. Nililitazama lile doa. Nilijua si la kawaida. Kisha nikaikunja ile nepi ikawa ndogo kabisa, nikaisukuma chini ya nyingine ndani ya ndoo. Katika yote niliyofanya wiki ile, hilo ndilo linalonifanya nione aibu mpaka leo.

Jumatano ilikuwa siku ya kupima uzito. Bi Geeske alimvua Wytse nguo, akamweka ndani ya kitambaa, akakitundika kwenye mizani yake ya mkononi. Wytse akaning'inia kama kifurushi cha yule korongo wa hadithi anayeleta watoto. Siku nyingine akivuliwa nguo alitutukana wote kwa lugha yake. Siku hiyo hakufungua hata macho.

Alizaliwa na gramu elfu tatu na mia mbili. Mizani ikasema elfu mbili mia nane na hamsini.

Bi Geeske akapima tena. Ikasema vilevile. Akambonyeza Wytse ncha ya pua kwa kidole, akamsogeza dirishani, akatazama ile ngozi. Ilikuwa njano. Akalichukua daftari, akasoma ukurasa wa Jumanne kwa kidole, mstari kwa mstari. Kunyonya mara nane. Nepi za maji sita.

"Kati yenu wawili mmoja ni mwongo," alisema, akiangalia mizani na daftari.

Akamtuma baba jikoni alete pakiti ya sukari ya kilo moja. Baba akaja nayo mbio. Bi Geeske akaitia ndani ya kitambaa cha mtoto, akaitundika. Sote tukainama kusoma. Kilo moja na gramu saba, na hizo saba ni za karatasi.

"Mizani ni nzima," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kabati. Masikio yalikuwa yakiniwaka.

Akamgeukia mama, akamwuliza kwa upole kama anakumbuka kumnyonyesha jana alasiri. Mama akafikiri mpaka paji la uso likakunjana. Alisema siku zote zimechanganyika, hajui hata leo ni lini, lakini kama imeandikwa basi bila shaka alimnyonyesha. Bi Geeske akasema kama ni hivyo, kuna mawili: ama maziwa hayatoki, ama mtoto ana ugonjwa uliojificha, na itabidi apelekwe hospitali wakautafute.

Mama hakulia kwa sauti. Alijishika kifua kwa mikono miwili, kama mtu anayeficha kitu kibovu asikione mwingine, na machozi yakaanza kumtiririka. "Nilijua tu," akasema. "Nilijua maziwa yangu hayana kitu."

Ningeweza kuvumilia kugombezwa. Ningeweza hata kuvumilia kupigwa marufuku korfball. Hilo la mama sikuliweza.

"Maziwa hayana kosa," nikasema. "Mimi ndiye niliandika kabla."

"Kabla ya nini?" Bi Geeske akauliza.

"Kabla ya kutokea. Halafu haikutokea."

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe. Nikasema ya Jumatatu saa tisa. Nikasema za Jumanne, zote mbili. Nikasema mechi, nikasema chipsi. Baba alifungua mdomo, kisha akakumbuka jinsi alivyoshuka ngazi kwa ncha za vidole, akaufunga. Nikasema pia ya doa.

"Rangi gani?" Bi Geeske akauliza.

"Ya machungwa. Kama vumbi la tofali."

"Asante," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Akavuta kiti, akaniketisha, akaanza kuniuliza saa moja moja: saa sita mchana Jumanne alinyonya? Ndiyo, wewe mwenyewe ulikuwapo. Halafu? Halafu saa tatu usiku. Akaandika kwenye karatasi nyingine. Saa tisa nzima bila tone.

Baba akakohoa. Akasema kwamba, ikiwa leo ndiyo siku ya kusema, basi na yeye nepi za usiku alizikisia. Alizibadilisha gizani, na gizani zote zinafanana.

"Jamani," akasema Bi Geeske, "nimeingia katika nyumba ya watunzi wa hadithi." Lakini tayari alikuwa ameshika simu.

Mkunga, Nynke, alifika katika dakika ishirini, nywele zikiwa bado mbichi. Alimsikiliza Wytse kifua, akampima joto, akamtoboa kisigino kupata matone ya damu ya kupeleka maabara kupima ule unjano. Wytse alilia kidogo, kilio chembamba, nasi tukafurahi kama amesoma shairi. Kisha Nynke akaketi kando ya mama akamweleza. Mtoto huyu haonekani mgonjwa, alisema. Ana njaa, na lile doa ndilo dalili yake. Asiponyonya anapata usingizi, na akipata usingizi hanyonyi, ndivyo anavyozidi kuzama. Kama asingejua habari ya saa zile tisa, angempeleka hospitali asubuhi ile ile. Sasa kwa kuwa anajua, wanaweza kujaribu nyumbani kwanza: kila baada ya saa mbili anyonye, kisha apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe kidogo. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni bila nepi iliyolowa vizuri, au damu ikija na majibu mabaya, wataondoka naye bila mjadala.

Mama akaachia kifua chake. Akapangusa uso kwa shuka, akaomba kikombe.

Nilidhani Bi Geeske atalichukua daftari. Akanisukumia mikononi, akasema ukurasa mpya unaanza saa nne, na leo yeye haondoki saa nane, kwa hiyo kila nitakachoandika atakikagua kwa macho yake.

Saa nne Wytse alinyonya kidogo, akasinzia, tukamkuna nyayo, akanyonya tena. Nepi kavu. Saa sita akanywa kwa kikombe, kidogo kidogo kama paka. Nepi kavu. Niliandika kavu, kavu.

Saa nane mchana nepi ilikuwa kavu tena. Mstari njano kama kichwa cha kifaranga. Nilisimama na kalamu. Nilijua kwamba neno moja tu likibadilika, hakuna atakayetaja hospitali, mama hatalia, na mimi nitapumua. Wakati huo Bi Geeske alikuwa bafuni. Nikaandika: Saa nane. Amenyonya dakika kumi, kikombe nusu. Nepi kavu. Kisha, ili nisijipe nafasi ya kubadili mawazo, nikaenda kugonga mlango wa bafu nikamsomea kupitia mlangoni.

Alitoka mara moja. Akasema basi nusu kikombe hakitoshi, tuongeze, na akaenda kumsaidia mama kukamua zaidi.

Kengele ya baiskeli ikalia nje. Nikashuka. Sietske alikuwa ameshavaa jezi, akaniuliza mbona nimevaa soksi tu. Nikamwambia siendi.

"Leo ni nusu fainali, we Jeltje. Unaumwa?"

"Wytse ndiye hali yake si nzuri. Na ni kwa sababu yangu. Nilidanganya kwenye daftari."

Akanitazama kama ninaongea Kichina. "Wewe? Mwenye kupanga penseli kwa urefu?" Kisha akasogea karibu. "Basi nitamwambia kocha umeteguka mguu."

"Mwambie nimebaki na mdogo wangu. Mguu wangu mzima."

Akasema watamweka Hidde mahali pangu, naye Hidde siku zote hukimbilia upande usiotakiwa, kwa hiyo tumeshafungwa. Akapanda baiskeli. Alipofika kwenye kona akapiga kengele mara mbili, taratibu, bila haraka ya moto.

Saa tisa na robo simu ya mkunga ikaja. Baba aliipokea amesimama, akaimaliza amekaa. Unjano kwenye damu ulikuwa chini ya mstari wa hatari. Lilibaki la nepi.

Saa kumi na dakika kumi, kabla hatujakwenda kumwamsha, tulisikia sauti kama ya bawaba isiyo na mafuta. Wytse alikuwa ameamka mwenyewe. Alikuwa amekasirika, uso umekunjamana, ngumi mbili hewani. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile. Alinyonya mpaka nywele zikalowa jasho, akamaliza na kikombe, akatafuta kingine.

Bi Geeske akamlaza juu ya taulo, akaniita nitazame. Mstari ulikuwa umeanza kugeuka bluu, hafifu, kama wino uliomwagiwa maji. Akafungua nepi. Na Wytse, ambaye alikuwa ametuweka roho juu siku nzima, akarusha mkojo juu, ukapinda vizuri, ukatua kwenye blauzi ya Bi Geeske, kidevuni mwake, na mwishoni ndani ya kahawa yake.

Hakuna aliyesogea mpaka alipomaliza. Alichukua muda wake. Kisha baba akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na mama kule juu akawa anacheka na kulia kwa pamoja, akituomba tunyamaze kwa sababu tumbo linamuuma.

Bi Geeske alijifuta kidevu kwa kona ya taulo.

"Andika," akaniambia. "Saa kumi na dakika arobaini. Nepi imelowa. Na mhudumu amelowa."

Usiku ule ikaja nyingine, na alfajiri nyingine tena. Baba aliwasha taa kila mara, akatazama, akaandika mwenyewe. Ijumaa Wytse akatundikwa tena kwenye kitambaa, akapiga kelele tangu alipovuliwa mpaka aliposhushwa, na mizani ikasema ameongezeka gramu tisini. Njano ilikuwa imeanza kumtoka usoni.

Mchana huo, kabla hajaondoka, mimi na Bi Geeske tulikuwa tukikunja nguo za mtoto. Nikamwuliza kitu kilichokuwa kikinikereketa tangu Jumatano: kwa nini hakunigombeza.

Aliendelea kukunja. "Ulikuwa umeshajigombeza vya kutosha, masikio yalikuwa mekundu," akasema. "Sikia, Jeltje. Ungechelewa, ningejua umechelewa, tungefanya jingine. Ungesahau, ungeniambia umesahau, tungemwamsha. Hayo yote yanatengenezeka. Lakini ukiandika uongo, mimi namhudumia mtoto wa kwenye daftari. Yule ameshiba, amelowa, hana shida. Na huyu wa kitandani anabaki hana mtu."

Nikauliza ingekuwaje kama ningenyamaza.

"Angekwenda hospitali, wangeona ni njaa, wangempa maziwa. Pengine angepona vizuri tu. Lakini mama yako angebaki anaamini kwamba maziwa yake ni mabaya. Hilo hakuna mizani ya kulipima, na lingekaa naye miaka." Akaweka shati dogo juu ya mengine, akalilaza kwa kiganja. "Ulisema ilipokuwa ngumu kusema, na siku ile ile ukaandika kavu ilipokuwa rahisi kuandika kingine. Nilikuwa bafuni, sikuwa kiziwi. Nilisikia kalamu imesimama muda mrefu. Fanya hivyo hivyo siku zote. Sema lililopo, hata kama ni baya, ili watu wapate kulishughulikia."

Kisha akaenda kwenye kitanda cha mtoto, akamnyanyua Wytse, akamweka mikononi mwangu. Ilikuwa bado robo saa kabla ya wakati wake. Wytse akanitazama, akakunja uso, akafungua mdomo na kuanza kudai maziwa kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili, na hakuna mtu hata mmoja ndani ya nyumba aliyemwambia anyamaze.